Genisys au Dark Fate: ukishamaliza Terminator mbili za kwanza, uendelee na ipi?

Mtu aliyeipenda The Terminator ya mwaka 1984, kisha akaipenda zaidi ile ya pili iliyotoka mwaka 1991, haachi kujiuliza kama zilizofuata zinafaa kutazamwa, na kama zinafaa, aanze na ipi. Hapa Nakuru swali hilo huulizwa mbele ya kaunta ya duka la filamu, flashi ikiwa mkononi na nafasi iliyobaki ndani yake ikitosha filamu moja tu. Naye mwenye duka, ambaye riziki yake ni kuuza, hujibu kwamba zote ni kali. Si zote. Baada ya ile ya pili zimetengenezwa nyingine nne za sinema, na kila moja imewaudhi wapenzi wa hadithi hii kwa namna yake. Nitakazozilinganisha kwa kirefu ni mbili za mwisho, Terminator Genisys ya mwaka 2015 na Terminator: Dark Fate ya mwaka 2019, kwa kuwa ndizo zinazojitangaza waziwazi kuwa warithi halali wa zile mbili za mwanzo, na kwa kuwa zimewaudhi watu kwa njia zinazopingana. Genisys inazikumbuka picha na kuwasahau wahusika. Dark Fate inamkumbuka mhusika mmoja vizuri sana, lakini inaivunja hadithi yenyewe ili impate. Nitafichua mambo mengi, hata miisho, kwa sababu malalamiko juu ya filamu hizi hayaelezeki bila kuyataja yaliyomo.

Kwanza tukubaliane juu ya kile tulichokipenda. Filamu ya kwanza, iliyoongozwa na James Cameron kwa bajeti ya takriban dola milioni 6.4, ina kisa ambacho hata mtu asiyejua Kiingereza anaweza kukifuata hadi mwisho akiwa ameketi kwenye benchi la kibanda cha video: mashine imetumwa kutoka mwaka 2029 kumuua mhudumu wa mkahawa aitwaye Sarah Connor kabla hajamzaa mtoto atakayewaongoza binadamu katika vita dhidi ya mashine, na mwanajeshi mmoja, Kyle Reese, ametumwa kumlinda. Basi. Ya pili iligharimu takriban dola milioni 100, na ilipotoka ilitajwa kuwa filamu ghali kuliko zote zilizoitangulia, kisha ikazoa tuzo nne za Oscar. Hata hivyo, kilichoifanya ikae akilini si fedha hizo. Itazame tena pale ambapo T-1000, mashine ya chuma kiowevu iliyoigizwa na Robert Patrick, inafika kwenye mlango wa nondo katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Inapenyeza uso, mabega na kiwiliwili kati ya nondo pasipo taabu yoyote, halafu inakwama ghafla: bastola iliyo mkononi ni chuma cha kweli, nayo imegota. Inautazama mkono wake, inaigeuza bastola, inapita. Kwa sekunde hizo chache mtazamaji ameshaelewa adui huyo anaweza nini na hawezi nini, bila mtu yeyote kufungua mdomo.

Katika filamu hiyohiyo tunamkuta Sarah, yule mhudumu mwoga wa mwaka 1984, akijivuta juu kwa mikono kwenye kitanda cha hospitali alichokisimamisha wima, misuli imemtoka na macho yamekauka. Na mwishoni mashine iliyotumwa kumlinda mwanawe John inaomba yenyewe kuteremshwa ndani ya chuma kilichoyeyuka, ili kisibaki kipande chochote ambacho wanasayansi wangekitumia kuunda Skynet, akili ya kompyuta inayoanzisha vita vya mashine dhidi ya binadamu. Kila aliyekulia kwenye vibanda vya video anaijua kanuni kwamba stelingi hafi. Hapa stelingi alikufa, tena kwa hiari yake, na hakuna aliyedai kurudishiwa pesa zake, kwa sababu filamu ilikuwa imetuandaa kwa saa mbili nzima. Siku ya Kiama, yaani siku ambayo Skynet ingewageuka binadamu, iliyotabiriwa kuangukia tarehe 29 Agosti 1997 na kuwaua watu bilioni tatu, ikazuiwa. Hadithi ikafungwa, na ilifungwa vizuri. Tatizo la kila filamu iliyofuata linaanzia hapo, kwa kuwa kila moja ililazimika kutafuta sababu ya kulifungua kaburi.

Genisys, iliyoongozwa na Alan Taylor, ilichagua kulifungua kwa kurudi mwaka 1984 wenyewe. Dakika zake za mwanzo zinatamanisha. Tunaiona tena ile mashine ikitua usiku uchi wa mnyama juu ya jiji la Los Angeles, tunawaona wale vijana wahuni, tunaona kila kitu kimepangwa upya karibu jinsi kilivyokuwa, hadi uso wa ujana wa Arnold Schwarzenegger, mwigizaji wa mashine hiyo tangu filamu ya kwanza, uliotengenezwa kwa kompyuta. Halafu anatokea Schwarzenegger mwingine, mwenye mvi, naye anapigana na ujana wake mwenyewe. Ni burudani ya kweli, wala sioni haya kusema kwamba sehemu hiyo nimeirudia mara kadhaa. Tunaelezwa kwamba mashine hiyo ya mvi ilimwokoa Sarah mwaka 1973 akiwa mtoto wa miaka tisa na ikamlea, ndiyo maana anaiita kama mtu anavyomwita babake. Hilo nalo lingeweza kuwa wazo zuri.

Lakini ukishamaliza kushangilia kumbukumbu, unatafuta watu na huwaoni. Kyle Reese wa mwaka 1984, aliyeigizwa na Michael Biehn, alikuwa mtu aliyekonda kwa njaa, mwenye makovu, anayeshtuka akisikia mngurumo wa mtambo wa ujenzi. Ulimwamini kwa sababu mwili wake ulikuwa umeshakusimulia vita kabla hajavitaja. Kyle wa Jai Courtney ni mwanamume mwenye afya tele ambaye mabishano yake na Sarah yanafanana na ya wanafunzi wa kidato cha nne waliopangwa dawati moja. Emilia Clarke anajitahidi, ila amepewa Sarah ambaye ujasiri wake amelelewa nao tangu utotoni, hivyo hatuoni anavyoupata, na kule kuupata ndiko kulikokuwa kiini cha mhusika huyu. Filamu hii imevaa koti la marehemu baba na kudhani kwamba imerithi na busara zake.

Kosa lililowakera zaidi mashabiki ni John Connor. Genisys inamgeuza yeye, tumaini la binadamu wote, kuwa mashine na adui mkuu. Mtu anaweza kutetea uamuzi huo kama ungetufikia kwa mshtuko. Bahati mbaya trela na mabango ya matangazo yalishatoboa siri hiyo kabla filamu haijafika kwenye kumbi, na kwa hiyo watu waliingia wakingoja tukio ambalo watengenezaji walidhani lingewashangaza. Isitoshe, swali kubwa kuliko yote, yaani nani aliyeituma ile mashine mwaka 1973, halijibiwi. Liliachwa kwa ajili ya filamu mbili zilizokuwa zimepangwa kufuata, na filamu hizo hazikutengenezwa kamwe. Genisys iliingiza takriban dola milioni 440 duniani, zaidi ya milioni 113 zikitoka China, lakini nyumbani kwao Marekani haikufikisha hata milioni 90, na mpango mzima ukafa. Anayeichagua ajue kwamba anaanza hadithi isiyo na mwisho.

Nikiri jambo moja kwa niaba yake. Katika Genisys, Skynet haiji na makombora kwanza. Inakuja kama programu inayounganisha simu, kompyuta na kila chombo cha mtu, na watu wenyewe wanahesabu saa wakiingojea kwa hamu. Kwa mtazamaji wa Kenya, ambaye pesa, mikopo, ada ya shule na nauli ya matatu vyote vinapita kwenye simu moja, wazo hilo linagusa kuliko roboti yoyote yenye macho mekundu. Filamu inalitaja, inalionyesha kwenye skrini kubwa za jengo moja, halafu inaliacha ili basi la shule lipinduke kwenye daraja la Golden Gate.

Dark Fate ilikuja miaka minne baadaye, mwongozaji akiwa Tim Miller, na Cameron akirejea kama mtayarishaji. Inayafuta yote yaliyotokea baada ya filamu ya pili na kuanza upya kutoka hapo. Kabla hujauchukulia urejeo wa Cameron kuwa dhamana ya ubora, kumbuka kwamba mwaka 2015 ni huyohuyo aliyejitokeza hadharani kuisifu Genisys na kusema kwamba kwake ndiyo filamu ya tatu hasa. Sifa za mwenye hadithi zisiwe kigezo chako.

Filamu inaanza mwaka 1998 nchini Guatemala. Sarah na John wamekaa kwenye mgahawa ulio wazi ufukweni, wamepumzika kwa mara ya kwanza. Mashine moja ya T-800, aina ileile anayoiigiza Schwarzenegger, iliyokuwa imetumwa zamani na haikupata habari kwamba vita vimefutwa, inaingia, inampiga John risasi, na kuondoka. Nilikuwa nikiitazama na vijana wa ukoo wetu mtaani Shabab, na mdogo kuliko wote, ambaye alikuwa amemaliza ile ya pili wiki hiyohiyo, aligeuka akaniuliza, “Mjomba, si ulisema stelingi hafi?” Sikuwa na jibu, kwani malalamiko yake yalikuwa ya haki. Si kifo chenyewe kinachouma, bali nafasi kilichopewa. John hauawi baada ya safari ndefu, wala kifo chake hakiamui lolote tunaloliona. Anaondolewa njiani kama kiti kilichozuia mlango, ili nafasi yake ichukuliwe na mwingine. Baadaye tunaambiwa kwamba Skynet kweli ilizuiwa, ila binadamu waliunda akili nyingine iitwayo Legion, ambayo nayo iliwageuka, nayo inatuma mashine nyuma ya wakati kumuua kiongozi ajaye. Kwa maneno mengine, mashine iliyojitosa ndani ya chuma kilichoyeyuka ilibadilisha jina la adui tu. Mtu aliyelia mwaka 1991 ana haki ya kujihisi kama aliyedhulumiwa.

Pamoja na hayo yote, ukiniuliza ni ipi kati ya hizi mbili niliyoitazama nikiwa na hakika kwamba kuna binadamu ndani yake, ni hii. Sababu ya kwanza ni Linda Hamilton. Alikuwa na miaka 63 filamu ilipotoka, na haikujaribu kumfanya kijana. Sarah wake amezeeka kwa hasira. Anakunywa pombe ili alale, anaishi akiwinda mashine kwa kufuata ujumbe wa simu usio na jina unaompa mahali na wakati, na kila ujumbe unamtaja mwanawe. Anaposhuka kwenye gari juu ya barabara kuu na silaha zake, hakuna muziki wa kumbembeleza mtazamaji wala hotuba. Anafyatua. Genisys ilihitaji dakika 126 kunikumbusha kwamba niliwahi kumpenda Sarah Connor. Hamilton alinifanya nimpende upya kwa sura moja.

Sababu ya pili ni kiwanda. Dani Ramos, msichana anayewindwa safari hii, anafanya kazi katika kiwanda cha magari jijini Mexico City pamoja na kaka yake Diego. Asubuhi hiyo Diego anakuta mahali pake pa kazi pamechukuliwa na mkono wa roboti. Dani anagombana na msimamizi kwa ajili yake, kama ambavyo dada yeyote angefanya. Hapo mashine haijaua mtu, imechukua kazi tu, na tayari unaiogopa. Kabla ya siku hiyo kwisha, baba yao na Diego wote wamekufa. Waandishi wa filamu hii walielewa kwamba hofu ya mashine mwaka 2019 si ileile ya mwaka 1984, na natamani wangebaki kwenye kiwanda hicho kwa muda mrefu zaidi badala ya kukimbilia mpakani.

Ya tatu itakushangaza. Ile T-800 iliyomuua John, ikiwa haina tena amri ya kutekeleza, imeishia Texas, imejiita Carl, imepata familia na inafanya biashara ya mapazia. Kwenye karatasi wazo hilo ni la kuchekesha, na Schwarzenegger analiigiza bila kucheka hata kidogo: anaeleza kwa uzito wa hakimu jinsi alivyomzuia mteja asitundike mapazia ya rangi moja katika chumba cha binti mdogo. Lakini mbele yake ameketi mama wa mtoto aliyemuua. Kicheko na kisasi vinakaa meza moja, na Sarah hamsamehi. Ni eneo bora kuliko lolote katika Genisys.

Inapoanguka, Dark Fate inaanguka kwenye mapambano. Rev-9, adui wake, anaweza kujigawa mara mbili, mifupa ya chuma upande huu na umajimaji mweusi upande ule, na kwa nadharia angepaswa kutisha kuliko T-1000. Hatishi, kwa sababu miili iliyotengenezwa kwa kompyuta inaruka na kudunda bila uzito, na hatuonyeshwi kamwe jambo dogo kama ile bastola iliyogota kwenye nondo ili tuujue mpaka wa nguvu zake. Mapambano ya ndani ya ndege na yale ya bwawa la umeme yanafanyika katika giza zito, na kwenye televisheni ya kawaida ya nyumbani, mchana pazia likiwa wazi, utaona vivuli vikigongana tu; itazame usiku. Kibiashara iliumia kuliko mwenzake: iligharimu takriban dola milioni 185 na kuingiza takriban 261, fedha ambazo, ukishatoa mgao wa kumbi za sinema na gharama za matangazo, ni hasara kubwa.

Kwa urefu hazitofautiani, kwani Dark Fate inaizidi Genisys kwa dakika mbili tu. Tofauti ya maana nyumbani ni watazamaji. Nchini Marekani Genisys iliruhusiwa kwa vijana wa miaka 13 na zaidi, nayo haina damu nyingi. Dark Fate iliwekewa kizuizi cha filamu za watu wazima, ina matusi kwa wingi, na vifo vyake vinaonyeshwa bila kufunikwa. Kama sebuleni kuna watoto wa darasa la saba na bibi yao, na wote wanataka kitu cha kufurahia baada ya chakula cha Jumapili, Genisys ndiyo itakayopita bila mtu kutafuta rimoti kwa haraka. Mtazamaji ambaye hajawahi kuona zile za mwanzo pia ataifurahia zaidi, maana hana wa kumlinganisha na Kyle Reese. Aliyempenda Sarah, na anayeweza kustahimili dakika tatu za mwanzo kwa ajili yake, achukue Dark Fate.

Hata hivyo, kama flashi kweli ina nafasi ya filamu moja tu, mimi singechukua yoyote kati ya hizo mbili. Ningechukua Terminator 3: Rise of the Machines ya mwaka 2003, iliyoongozwa na Jonathan Mostow, ambayo ilitukanwa sana ilipotoka. Ina mizaha ya kuaibisha, ukiwemo wa miwani yenye umbo la nyota, na inamwondoa Sarah kwa kusema tu kwamba alifariki kwa saratani ya damu. John wa Nick Stahl ni mnyonge kuliko tulivyomtarajia. Lakini ina kitu ambacho wenzake hawana, nacho ni ujasiri wa kumaliza. John na Kate, aliyeigizwa na Claire Danes, wanafika kwenye handaki la mlimani wakidhani humo ndimo mtambo mkuu wa Skynet ulimo, na wanakuta kompyuta kuukuu zenye vumbi na redio. Hakuna mtambo wa kuzimwa. Skynet ni programu iliyokwisha kusambaa katika kompyuta za dunia nzima. Waliletwa pale si ili wazuie vita bali ili waokoke. Makombora yanaruka. Kwenye redio sauti za watu zinauliza ni nani anayeongoza, na John, ambaye filamu nzima amekimbia wajibu huo, anajibu. Na inachukua dakika 109 tu.

Terminator Salvation ya mwaka 2009 ni ya wapenda vita pekee. Ndiyo peke yake inayotupeleka katika dunia ya baada ya Siku ya Kiama, ikiwa mwaka 2018, na marehemu Anton Yelchin ndiye Kyle Reese pekee wa baadaye anayefanana kiroho na yule wa kwanza. Lakini Schwarzenegger anaonekana humo kama sura ya kompyuta iliyobandikwa juu ya mwili wa mtu mwingine, na kisa kinataka tuamini kwamba Skynet, ikiisha kumkamata Kyle, mtu ambaye kifo chake kingemaliza vita, ingemweka hai ndani ya chumba ili awe chambo. Hapo mtu huanza kutafuta simu yake.

Mwenye bando la kutosha na subira anaweza kuviruka vyote hivyo akatafuta mfululizo wa televisheni wa mwaka 2008 na 2009, Terminator: The Sarah Connor Chronicles, wenye vipindi 31, ambamo Lena Headey ni Sarah anayehangaika na kodi ya nyumba, majina bandia na mtoto wa kiume anayekua. Hiyo ndiyo kazi iliyomwelewa Sarah vizuri zaidi baada ya Hamilton mwenyewe. Ulisitishwa baada ya misimu miwili, na kipindi cha 31 kinaishia pabaya, katikati ya jambo. Anayeuanza aanze akilijua hilo.